Wingi wa Majani Si Uimara wa Pikapu

Ukienda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta springi za pikapu unayotaka kuinyanyua, mara nyingi utaulizwa maswali mawili: ni gari gani, na unataka lipande inchi ngapi. Ukishajibu, unawekewa mbele seti nene kuliko zote zilizopo dukani. "Bosi, weka hizi. Hizi hazilali." Uzito wa gari haukuulizwa. Mzigo wa siku za kawaida haukuulizwa, wala kama bampa la mbele ni la plastiki au la chuma. Mnunuzi naye haoni kilichokosekana, maana yeye na muuzaji wanaamini jambo moja: springi nzuri ni ile ngumu, na pikapu ya porini ni ile iliyosimama juu.

Naipinga imani hiyo. Imeenea gereji, mashambani, kwenye ofisi za miradi na kwenye kambi za watalii. Inakula pesa na kuvunja vyuma ambavyo havikuwa na tatizo. Linaloniuma zaidi ni kwamba inawahatarisha watu wanaopanda gari bila kujua lolote kuhusu kilichofungwa chini yao.

Wanaoishikilia si wajinga, na hoja yao inastahili kuelezwa kama wanavyoieleza wenyewe. Barabara zetu ni mbovu na mizigo yetu ni mizito. Hilux inatoka kiwandani na springi laini. Baada ya miaka michache ya saruji na magunia ya mahindi zinalala, nyuma inachuchumaa, taa zinamulika vilele vya miti, na kila shimo linagongesha ekseli kwenye ule mpira wa kuizuia isipige chasisi. Springi nene haifanyi hivyo. Ukipandisha gari inchi mbili au tatu, unavuka mawe na makorongo, tairi kubwa linaingia bila kukwaruza fenda, na siku ukilazimika kubeba tani moja na nusu, gari halikuaibishi. Chuma kikizidi hakidhuru, kikipungua kitakulaza njiani. Ndivyo wanavyosema, na ni kweli kwamba springi hulala na tairi kubwa huhitaji nafasi. Ila kutoka hapo hadi "nunua iliyo ngumu kuliko zote" kuna hatua ambazo hakuna anayezipima.

Kwanza: barabara mbovu ndiyo sababu ya kukataa springi ngumu

Springi haifungwi ili gari lisimame juu. Kipande cha bomba kilichochomelewa kati ya ekseli na chasisi kingelisimamisha gari juu vizuri zaidi, tena kwa bei ndogo. Springi inafungwa ili tairi lipande na kushuka likifuata ardhi, na chasisi ibaki imetulia kiasi. Tairi lisilogusa ardhi halivuti, halifungi breki, wala halikati kona.

Chukua hesabu nyepesi ya mfano. Pikapu ikiwa tupu, tuseme kila springi ya nyuma imebeba kilo 350. Kama springi inahitaji kilo 35 ili ikunjike sentimita moja, basi gari likiwa limesimama imekunjika sentimita 10. Hizo sentimita 10 ni akiba: tairi likikuta shimo, springi inalisukuma chini hadi akiba iishe. Sasa funga springi ngumu maradufu, ya kilo 70 kwa sentimita. Chini ya uzito ule ule imekunjika sentimita 5 tu. Shimo la sentimita 8 likitokea, springi inaishiwa msukumo kabla tairi halijagusa chini. Kinachobaki kulivuta tairi lishuke ni uzito wa ekseli peke yake, na kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa uzito huo hauwahi, gari limeshapita.

Ndiyo maana pikapu tupu yenye springi za mzigo inacheza nyuma kwenye barabara ya vumbi. Dereva yeyote aliyepita na gari la namna hiyo kwenye mawimbi ya barabara ya Naabi kwenda Seronera, kule Serengeti, anaijua ile hali: usukani umenyooka, lakini bodi linaanza kuhama taratibu kuelekea ukingoni. Wengi hulaumu tairi au dereva. Mara nyingi ni kwamba ekseli ya nyuma inarukaruka juu ya vilele vya mawimbi, na muda wake mwingi haijashika ardhi.

Porini kwa mwendo wa pole ni vivyo hivyo. Gari likivuka korongo kwa mshazari, tairi moja la nyuma linapanda na la pili linatakiwa lishuke. Springi laini inaruhusu. Springi ngumu inalibeba tairi la pili hewani, difu ya kawaida inapeleka nguvu zote kwa hilo lililo hewani, na gari linakwama mahali ambapo Hilux ya kiwandani ingepita. Anayetaja ubovu wa barabara kama sababu ya kununua springi ngumu ameitaja sababu inayompinga.

Pili: "nene kidogo" haimaanishi kidogo

Wauzaji huzungumza kana kwamba milimita moja ni jambo dogo. Ugumu wa springi ya koili hupanda kwa kipenyo cha waya wake kikizidishwa chenyewe mara nne. Toka milimita 14 hadi 15, vingine vyote vikibaki sawa, na ugumu umeongezeka kwa karibu asilimia 32. Nenda 16, umeongezeka kwa karibu asilimia 71. Kwa springi za majani, unene wa kila jani huhesabiwa mara tatu: ukibadilisha majani ya milimita 7 kwa ya milimita 8, umeongeza karibu nusu nzima ya ugumu. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo kaunta, na mkono unaopima uzito wa springi kwa kuinyanyua hauwezi kuihisi. Kama muuzaji hana namba ya ugumu wa springi anayokuuzia, mnachagua wote wawili gizani.

Kibaya kuliko hicho ni ile tiba ya bei nafuu: kuongeza jani moja au mawili kutoka kwenye gari jingine, mara nyingi la Canter. Fungua seti ya namna hiyo baada ya mwaka mmoja uitazame vizuri. Jani la kuazima lina mkunjo wake, tofauti na wenzake, kwa hiyo halilali juu yao kwa urefu wote. Linagusa kwenye ncha na katikati tu. Pale ncha inapogusa utakuta mfereji mdogo uliochimbwa kwenye jani la juu, umeng'aa katikati na kuzungukwa na unga mwekundu wa kutu. Katikati, kwenye tundu la sentabolti, utakuta ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia kwenye tundu kuelekea pembeni. Jani lenye mkunjo mkubwa limekuwa likibeba mzigo wa seti nzima peke yake huku mengine yakisindikiza. Likikatika, mengine yanapokea kwa ghafla mzigo ambao hayajawahi kuupata, na kwa kawaida hilo hutokea kwenye shimo, gari likiwa limejaa.

Kuna pia springi zilizolala zikapelekwa kupigwa nyundo au kuchomwa moto ili zirudishiwe mkunjo. Chuma cha springi kinapata uwezo wake kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa joto lililopimwa. Ukikiweka kwenye makaa hadi kiwe chekundu halafu ukakiacha kipoe chenyewe, mkunjo utarudi lakini ule uwezo umekwenda. Kitalala tena upesi.

Tatu: kimo mnachonunua hakipo mnapodhani kipo

Hapa ndipo upotofu unapogharimu kuliko kote, na nitakaa hapa kidogo.

Pikapu inayokwama juu ya jiwe au kwenye tuta la katikati ya njia za matairi hukwama mara nyingi kwa difu. Kwa Hilux na Land Cruiser 79, difu ya nyuma iko ndani ya ekseli, na ekseli imesimama juu ya matairi. Springi ziko juu ya ekseli. Panda inchi mbili kwa springi, panda tatu, panda sita: difu ya nyuma haijapanda hata milimita moja. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu ya ongezeko. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. La 265/70R17 lina 803. Tofauti ni milimita 27, na difu inapanda 13 au 14. Springi zimepandisha bodi, bampa na tumbo la gari. Hilo lina faida yake kwenye kingo za makorongo, sikatai, lakini si faida ambayo mnunuzi aliambiwa analipia.

Upande wa pili wa daftari ni mrefu. Hilux zinazovuta kwa magurudumu manne za kuanzia 2005 zina koili mbele, mikono miwili ya kuongoza gurudumu, na ekseli fupi za kila upande. Ukinyanyua mbele, ekseli hizo zinainama, viungo vyake vinafanya kazi kwa pembe kali muda wote, mipira inayovifunika inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Boljointi nazo zinasogezwa karibu na mwisho wa mwendo wao. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele. Ukiinyanyua, ekseli inazunguka kidogo, ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati inapungua, na gari linaanza kutangatanga kwenye lami. Ekseli hiyo hiyo inasukumwa pembeni na fimbo inayoishikilia, kwa sababu fimbo ile urefu wake haukubadilika. Propela inabadili pembe na kuanza kutetemeka. Haya yote yana dawa: bushi maalumu, fimbo ya kurekebishika, kupima upya magurudumu. Dawa hizo zina bei, na mara nyingi hazimo kwenye bei uliyotajiwa dukani.

Kisha kuna breki. Pikapu nyingi zilizotengenezwa kabla breki za kompyuta hazijaenea zina vali iliyofungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mwembamba wa chuma. Vali hiyo inapima umbali. Mzigo ukishusha chasisi, mkono unasukumwa juu na vali inaruhusu mafuta mengi ya breki yaende nyuma. Gari likiwa tupu, inayabana ili matairi ya nyuma yasijifunge na gari likageuka. Sasa nyanyua chasisi sentimita 5 na uuache mkono ulivyo. Vali inasoma kwamba gari ni tupu, hata siku lilipojaa. Funga juu yake springi ngumu zisizoshuka kwa mzigo, na vali haitapata habari ya mzigo kabisa. Unashuka mlima wa Kitonga na tani moja nyuma, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu, huku za mbele zikibeba yote na kuchemka. Kurekebisha mkono ule ni kazi ndogo kwa fundi anayejua kwamba upo. Kama pikapu yako ilinyanyuliwa, ingia chini leo uutazame.

Uthabiti nao unapungua. Kwa gari lenye mita 1.5 kati ya matairi ya kushoto na kulia, na kitovu cha uzito kilicho sentimita 70 juu ya ardhi, kukipandisha kitovu hicho sentimita 5 kunapunguza uwezo wa gari kukataa kupinduka kwa karibu asilimia 7. Ongeza hema la paani la kilo 60, na tairi kubwa, na abiria waliosimama kwenye bodi.

Wengi wanaopenda kimo wameyaona magari ya mashindano ya Rhino Charge kule Kenya, yanayofanyika tangu 1989. Magari yale hukimbizana na umbali, yanatafuta njia fupi kuliko zote ndani ya saa 10 za siku moja, na nyuma yake kuna mafundi na fedha za kutosha kubadili kila kilichovunjika. Hayapeleki mbolea Mbozi wala watoto shule.

Nne: springi haiongezi hata kilo moja ya uwezo

Uzito wa juu unaoruhusiwa na kiwanda unategemea ekseli, beringi, breki, matairi na chasisi pamoja. Springi ni kipande kimoja tu cha orodha hiyo. Hilux iliyokusudiwa kubeba karibu tani moja inaendelea kuwa gari la karibu tani moja hata ukiifungia springi za lori. Ilichopoteza ni kionyeshi. Gari lilipochuchumaa kwa kuzidishiwa mzigo, lilikuwa linasema ukweli mbele ya macho ya kila mtu. Springi ngumu inalisimamisha sawa, dereva anaona nyuma imekaa vizuri, anaongeza magunia mengine mawili. Kwa Tanzania, magari yanayolazimika kupita mizani barabarani ni ya tani 3.5 na kuendelea, kwa hiyo pikapu nyingi hazitapimwa na mtu. Macho ya dereva ndiyo mizani pekee iliyobaki, na springi ngumu imeyadanganya.

Kinachofuata huonekana kwenye chasisi, nyuma kidogo ya kichwa cha gari: rangi inapasuka, kisha pengo kati ya kichwa na bodi linakuwa pana juu na jembamba chini. Chasisi imepinda. Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chasisi ili kunyanyua nyuma inaharakisha jambo hilo. Springi ya majani inapeleka mzigo kwenye chasisi kwa ncha zake mbili zilizoachana zaidi ya mita. Mfuko unaupeleka mahali pamoja, juu ya ekseli, na mzigo uliotokeza nyuma unaivunja chasisi juu ya nukta hiyo.

Shokapu pia husahauliwa. Ilipangwa kutuliza springi fulani; ukiweka springi ngumu maradufu, nguvu inayorudi baada ya kila tuta ni kubwa kuliko iliyokusudiwa, na shokapu ya zamani haiwezi kuizuia. Kwenye gari lililonyanyuliwa huwa pia fupi mno: inafika mwisho wake kila tairi likishuka, na vishikio vyake vinang'oka.

Tano: anayechagua siye anayelipa

Mwenye gari hununua springi, lakini mara nyingi hapandi pikapu hiyo; ana gari lake jingine. Anayekaa ndani ni dereva wa kuajiriwa, saa 8 kwa siku, mgongo wake ukipokea kila wimbi. Mwili wa binadamu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na springi ngumu chini ya gari tupu inasogeza mitikisiko kuelekea huko. Anayekaa nyuma, kwenye bodi, ni kibarua, au mgonjwa anayekimbizwa zahanati kwa sababu pikapu ya mradi ndiyo gari pekee kijijini. Ukiongea na madereva hawa watakueleza maumivu ya kiuno kana kwamba ni sehemu ya kazi. Sikubali kwamba ni sehemu ya kazi. Sehemu kubwa yake iliamuliwa dukani na mtu aliyeangalia unene wa chuma.

Basi uchague kwa kigezo gani?

Kwa uzito ambao gari haliutui. Si ule wa siku moja ya mavuno. Ule wa kila asubuhi. Peleka pikapu kwenye mizani ya kununulia mazao au vyuma chakavu, upime ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, vitu vyote vya kudumu vikiwa vimefungwa na tangi limejaa. Watengenezaji makini, Old Man Emu wa Australia wakiwamo, huuza springi za gari moja kwa madaraja kadhaa ya uzito wa kudumu, za mbele mbali na za nyuma mbali. Madaraja hayo hayana maana kwa mtu asiyejua uzito wa gari lake.

Mbele na nyuma zihesabiwe kila moja peke yake, kwa sababu uzito uliofungwa mbele ya ekseli hufanya kazi kama wenzo. Funga bampa la chuma la kilo 60, kitovu chake kikiwa sentimita 80 mbele ya ekseli, kwenye Hilux yenye mita 3.085 kati ya ekseli: ekseli ya mbele inaongezewa karibu kilo 76, na ya nyuma inapunguziwa karibu 16. Mwenye gari hilo anahitaji koili za mbele za daraja la juu kidogo na nyuma aiache kama ilivyo. Badala yake huuziwa seti nzima ya "heavy".

Yapo magari yanayostahili springi ngumu kweli. Land Cruiser 79 zinazokatwa na kurefushwa Arusha kuwa magari ya watalii hubeba bodi la chuma, viti, friji na paa la kufunguka mchana na usiku. Uzito ule hauteremki kamwe. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: springi ya kilo 70 kwa sentimita, ikibebeshwa kilo 700 daima, inakunjika sentimita 10, sawasawa na ile laini chini ya pikapu tupu. Hapo ugumu ni sahihi, kwa sababu umekutana na uzito wake.

Mgumu wa kushauri ni mkulima anayekwenda tupu siku tano na kurudi amejaa siku ya sita. Huyo zinamfaa springi za majani za hatua mbili: majani membamba juu yanayofanya kazi kila siku, na jani moja au mawili manene chini, yaliyonyooka, yasiyogusana na wenzao hadi mzigo ushuke vya kutosha. Nyingi za kiwandani zimejengwa hivyo tayari, na anachohitaji ni seti mpya ya aina ile ile, shokapu mpya na yubolti zikazwe tena baada ya kilomita elfu moja. Na kama mzigo wa siku ya sita unazidi uwezo ulioandikwa na kiwanda, apige safari mbili, au akodi Canter.